Kwa vijana wa mkesha wa Ijumaa: ono likae kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu.

Nimekesha nanyi Ijumaa tatu hapa Kibosho, chini ya Kilimanjaro, benchi la nyuma. Mnasali kwa bidii kuliko tulivyosali sisi. Kinachonikosesha usingizi ni ile saa ya "nimeonyeshwa". Kipaza sauti kinapita mkono kwa mkono, na asiye na ono anainama kama mdaiwa. Nachelea wengine sasa wanaonyeshwa kwa kuogopa aibu. Kilele cha Kibo kikifunikwa na mawingu wiki nzima, nani kati yetu hulazimika kusema amekiona?

Someni 2 Wakorintho 12. Paulo alikaa na ono lake miaka 14. Hata alipolisema, tena kwa kusukumwa na waliokuwa wakijisifu, alisema "namjua mtu mmoja", kana kwamba ni jirani. Aliyoyasikia huko mbingu ya tatu hakuyatoa. Mwiba wake ndio aliousimulia.

Teresa wa Avila naye, mtawa mtakatifu wa Hispania, katika kitabu alichoandika mwaka 1577, anaifananisha roho na ngome yenye makao saba. Kujijua ni kwa makao ya kwanza, lakini anaonya kwamba hata aliyefika ndani kabisa asiache kujijua. Unyenyekevu kwake ni kutembea katika ukweli. (Si kupinda shingo, hilo sisi wazee tunalijua mno.) Na maono yake aliyapeleka kwa waungamishi wayapime.

Mimi sikupeleka kwa mtu. Nikiwa katekista kijana, migomba ya jirani ilinyauka kihamba kizima, lile shamba la nyumbani. Nikaota, nikasimama kwenye jumuiya nikasema nimeonyeshwa mkono wa mama mmoja mjane. Sikumtaja jina, haikuhitajika. Watu wakaacha kumwazima hata moto. Miezi ikapita, akaja bwana shamba, akapasua shina la mgomba mbele yetu: michirizi ya kahawia ndani, ugonjwa wa mnyauko. Hakuna aliyenitazama, nami sikusema kitu.

Ilinichukua Kwaresima nzima kwenda kwake. Nilimkuta akichambua maharage. Nikaongea, nikaongea, naye hakuinua uso. Mwishoni akanisogezea ungo upande wangu, tukachambua wote mpaka jua likazama.

Ijumaa ijayo nitakuwa benchi lile lile. Mwenye ono na aje kwanza tukae nje.