Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakulima wa Maharage Machanga, Mwaka 2024

Ndugu Wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka huu mnazifahamu: mafunzo mawili ya unyunyiziaji wa viuatilifu, ununuzi wa pamoja wa mbegu na ukarabati wa kibanda cha kupokelea mzigo vilifanyika, na hesabu zake zimo kwenye kabrasha. Naomba nijielekeze kwenye jambo lililozua maneno, nalo ni uamuzi wa kamati wa mwezi Agosti wa kuandika maoni, kwa niaba yenu, ya kuunga mkono msimamo wa nchi yetu, Tanzania, wa kutosaini Mkataba wa Ubia wa Uchumi (EPA), yaani mkataba wa kufutiana ushuru wa bidhaa, na Umoja wa Ulaya.

Nimelaumiwa kwamba nimewafungia wanachama soko, kwa kuwa wenzetu wa Kenya walisaini Desemba 2023 na mkataba wao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Lawama hiyo haina msingi. Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, hivyo isingekuwa na mkataba bidhaa zake zingetozwa ushuru Ulaya, kama yalivyotozwa maua yake kwa karibu miezi mitatu mwishoni mwa 2014. Sisi tumo katika kundi hilo, na kwa mpango uliowekwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2001 mazao yetu huingia Ulaya bila ushuru. Maharage machanga ya Meru hayana ushuru wa kupunguziwa. Tungesaini, sisi ndio tungetakiwa, pamoja na Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, kufuta hatua kwa hatua, ndani ya miaka 25, ushuru wa asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka kwao. Wanaosema kwamba maziwa yaliachwa nje ya ufutaji huo wa ushuru wanasema kweli, nami nilikiri hivyo kikaoni. Lakini viwanda na mapato ya Serikali vingeguswa, na Bunge letu liliukataa mkataba huo Novemba 2016. Siku nchi yetu itakapotoka katika kundi hilo, mazungumzo yatabidi yaanze upya, na hilo pia tuliliandika.

Kinachorudisha mzigo wetu ni mabaki ya viuatilifu. Mwezi Oktoba nilishuhudia makreti 14 yakiwekwa kando kwenye kituo cha kufungashia kwa sababu daftari la unyunyiziaji, linaloonyesha dawa ilipigwa lini, lilikuwa halijaandikwa kwa siku 11. Mama mwenye mzigo alisimama kimya huku maharage yake, yakiwa bado na umande, yakifungwa tena kwenye pikipiki aliyokuja nayo. Hakuna mkataba wa ushuru ambao ungeyapitisha makreti yale.

Inaniuma kusema kwamba wengi wanaolalamika leo hawakuwepo. Kati ya wanachama 214, kikao cha Agosti kilihudhuriwa na 31. Waliolipa ada ya Sh 30,000 ni 87, yaani jumla ya Sh 2,610,000, na deni lililobaki ni Sh 3,810,000. Nauli ya kupeleka maoni yenu Dodoma niliitoa mfukoni mwangu, na mpaka sasa sijaidai.

Mwaka ujao tunatarajia, fedha zikipatikana, kumpata bwana shamba wa kukagua madaftari kila wiki, na Mungu akijalia tuanze pia kufikiria chumba cha ubaridi. Mweka Hazina atabaki mezani baada ya kikao kupokea ada za wanaodaiwa, na stakabadhi zitatolewa papo hapo.