Tusiwasahau maseremala wa Sheldonian

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Sheldonian Theatre, ukumbi wa mahafali wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, imesifu sana picha iliyochorwa na Robert Streater kupamba dari. Sawa, inastahili. Lakini dari hiyo ilishikiliwa na nini?

Ukumbi ulijengwa 1664 hadi 1669 kwa fedha za Askofu Mkuu Gilbert Sheldon, aliyechukizwa na mahafali kufanyiwa kanisani. Mchoraji wa ramani ya jengo, Christopher Wren, alikuwa profesa wa elimu ya nyota, bado mgeni katika ujenzi. Alitaka upana wa takriban mita 21 bila nguzo hata moja katikati, na boriti ndefu kiasi hicho hazikupatikana. Mwenzake John Wallis, profesa wa jiometri chuoni hapo, alikwisha kuonyesha kwa hesabu jinsi mbao fupi zinavyoweza kubebana. Basi maseremala wakaunga vipande vifupi, ncha ikiumana na ncha, wakavikaza kwa boliti za chuma. Kenchi hizo zilibeba dari, na juu yake shehena za vitabu vya matbaa ya chuo!

Naomba makala ijayo iwape maseremala hao aya yao.

Msomaji wenu,
Tanga