Nani kawaambia vumbi ni pinki?

Mhariri,

Ile picha yenu ya Jumamosi ya dhoruba ya vumbi kule Ghuba, mliyoisifu ati jangwa limejipamba pinki, imenitoa kwenye kimya cha miaka. Pinki ya wapi? Hiyo rangi inatiwa na kompyuta jamani. Meteosat, ile setilaiti inayokaa juu ya Bahari ya Hindi, inapima joto linalopanda kutoka chini, infraredi, halafu wataalamu wanalipaka vumbi rangi hiyo wapate kulitenga na mawingu, kwa sababu kwenye picha ya kawaida vumbi juu ya jangwa ni kama unga juu ya unga, huoni kitu. Na ndo maana inaliona hata usiku, kila dakika 15 picha mpya. Kazi nzuri sana, sikatai, lakini si mseme basi!

Mimi nimefanya kazi za nyumba Kuwait miaka minne. Mei 2022 vumbi lilikuja kwa kufuatana, mwanzo wa mwezi huko Iraq watu zaidi ya 5,000 walitibiwa kwa kukosa pumzi, na tarehe 23 uwanja wa ndege wa Kuwait ukasimamisha safari, siku ambayo mimi nina tiketi yangu mkononi ya kurudi Mombasa! Nje kumekuwa rangi ya machungwa kisha rangi ya chai, magari yamewasha taa mchana, mimi na pumu yangu narudi na sanduku, na madamu kuniona mlangoni badala ya pole akanipa ndoo, akasema madhali umerudi anza na madirisha. Wallahi nilichokonoa reli za madirisha kumi na mbili kwa mswaki mkuukuu mpaka saa nne usiku, inhela mfukoni inakaribia kuisha, lile vumbi ni laini kama poda, mpaka ndani ya friji limeingia, na kila nikimaliza dirisha moja, lile la kwanza limechafuka tena. Hilo setilaiti yenu haikuliona. Picha ya juu haikwambii vumbi liko kilomita tatu hewani ama liko puani mwako, setilaiti ya kupima kwa leza vumbi liko juu kiasi gani ilikuwepo, CALIPSO, nayo kazi yake iliisha 2023.

Na yule ajenti wa tiketi, jina lake nalimeza, alinitoza pesa ya kubadilisha siku ati vumbi ni kazi ya Mungu. Mbona za Mungu silipwi mimi? Hawa maajenti mbona hamuwaandiki?

Basi mkitoa tena picha kama ile, iwe saizi ya stempu, na aliyeandika yale maneno ya pinki apelekwe Kuwait mwezi wa sita, dirisha la upande wa kaskazini-magharibi, ndiko upepo wa shamali unakotoka. Mswaki ninao bado, nitamwazima.

Mama wa Likoni