Barua kwa mwanangu kutoka Gochang

Mwanangu mpenzi,

Siku tuliyomzika babu yako, tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, uliniuliza kwa nini watu walikuwa wakipokezana jeneza kila baada ya hatua chache ilhali halikuwa zito. Nilikujibu kwa mkato kwamba ni thawabu, nawe ukanyamaza, ingawa niliona kuwa jibu halikukutosha. Jana swali lako limenirudia nikiwa mbali sana na Unguja, katika mji wa Gochang, kusini-magharibi mwa Korea Kusini.

Hapo pana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2008, na ng'ambo yake, chini ya vilima, yametapakaa makaburi ya mawe zaidi ya 440, yaliyojengwa na wakulima wa zama za shaba katika milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Wakorea huyaita goindol, yaani jiwe lililotegemezwa. Mengine yamesimama mfano wa meza, bamba moja kubwa likiwa limelazwa juu ya mawe mawili yaliyosimamishwa wima. Mengine ni mawe mazito yaliyokaa chini kabisa juu ya vijiwe vifupi, na maiti alizikwa ardhini chini yake. Yapo yenye uzito wa tani 10, na yapo yanayokaribia tani 300.

Ndani ya makumbusho nilisimama kwa muda mrefu mbele ya maelezo ya namna kazi hiyo ilivyofanyika, maana hakukuwa na winchi wala chuma. Inaaminika kwamba walitoboa matundu katika mwamba, wakapigilia kabari za mti mkavu na kuzimwagia maji, mti ukavimba mpaka mwamba ukapasuka. Kisha jiwe liliwekwa juu ya magogo na kuvutwa kwa kamba na mamia ya watu. Mawe ya kutegemeza yaliposimama yalifukiwa kwa udongo ukawa tuta, bamba likaburutwa hadi juu, na mwishowe udongo ukaondolewa. Ndani ya makaburi ya aina hii nchini humo wachimbaji wamekuta majambia ya jiwe lililosuguliwa na vyungu vyekundu, lakini jina la marehemu hata moja halijulikani, kwa kuwa watu wale hawakuwa na maandishi.

Nimefurahi pia kujua kwamba makaburi haya, pamoja na yale ya Hwasun na Ganghwa, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule ulioingizwa Mji Mkongwe wetu.

Nilipotoka nje nikatembea kati ya mawe yale, nikawa nawafikiria waliovuta kamba kuliko waliozikwa. Mtu mmoja hawezi kulisogeza jiwe lile hata shubiri, na ukoo mmoja pia hauwezi. Lazima waliitwa watu wa vijiji vya jirani, wakaacha mashamba yao, wakalishwa, wakavuta pamoja. Jeneza la babu yako wangeweza kulibeba watu wanne mpaka mwisho, lakini kila aliyekuwepo alitaka bega lake liwe chini yake. Mimi nililibeba mara tatu, na mara ya mwisho aliyekuwa upande wangu wa pili ni yule mzee mvuvi ambaye babu yako hakusemezana naye kwa miaka mingi.

Baba yako