Kwa waashi wa Mji Mkongwe: rudini mkakague kuta zenu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Fundi akishapokea pesa ya mwisho, mtaa ule haupiti tena, anachelea kuitwa. Ndivyo kosa moja linavyohama naye kutoka nyumba hadi nyumba. Nawaomba mrudi. Mwaka wa kwanza nendeni mara mbili: mwezi wa sita, masika yakishakatika, na tena wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kwa sababu chumvi hujitokeza ukuta unapokauka.

Bisheni hodi na mwombe ruhusa kwanza. Kisha gongeni lipu kwa mpini wa mwiko, kuanzia chini kwenda juu. Panapolia uwazi, lipu imeachana na mawe. Pazungushieni chaki, pigeni picha, andikeni tarehe.

Mkiona vishimo vyenye doa jeupe katikati, chokaa haikulowekwa ikaiva au haikuchekechwa. Punje mbichi imevimba ukutani. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui zatokana na tabaka nene au jua kali. Pimeni chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, tabaka lisizidi milimita 15, mlifunike kwa magunia na kulinyunyizia maji siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole. Ikikaushwa mbio hubaki unga unaofutika kwa kiganja. Ikibanduka bapa zima, aghalabu ukuta haukufagiwa wala kuloweshwa.

Saruji ndiyo inayonitia hofu hasa. Kuta hizi za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo hunyonya maji toka chini na kuyatoa usoni. Ukizivisha saruji, maji hukosa pa kutokea, yakazidi kupanda, na huko juu ndiko ziliko ncha za boriti. Kwa hiyo lipu ya saruji isiyo na ufa hata mmoja isiwafurahishe. Wekeni ngazi, mchome kila boriti ya mkoko kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita moja bila kusukumwa sana, imeoza, hata kama katikati bado ngumu.

Ufa nao utieni alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, pamoja na tarehe na upana wake. Ukikutwa pale pale safari ya pili, uzibeni kwa chokaa. Ukiwa umesogea, msiuguse. Tafuteni kwanza bomba la choo, mfereji wa paa, au boriti iliyokatika.

Mwenye nyumba atauliza nani analipa. Vishimo na lipu iliyobanduka ni deni lenu, tengenezeni bure. Bomba linalovuja ni lake, naye alizibe kwanza. Halafu subirini: ukuta wa nusu mita huchukua miezi kukauka, na lipu mpya ikipigwa kabla itatoka chumvi upya.