Muvi ya Elvis si mtihani wa fasihi jamani

Mhariri, salamu na poleni na kazi.

Nimesoma uchambuzi wa mwandishi wenu kuhusu Blue Hawaii, ile ya Elvis Presley ya mwaka 1961, nikabaki najiuliza hivi huyu ndugu alikaa kuangalia picha gani, maana kalalamika mwanzo mwisho kwamba haina stori, steringi hana shida yoyote ya maana na kila baada ya dakika chache watu wanaimba. Sasa si ndio yenyewe hiyo? Unachukua mwanamuziki anayetikisa dunia nzima, unampeleka Hawaii, unampa gitaa na bahari, halafu mchambuzi anashangaa watu wanaimba ufukweni. Ni kwenda ngomani ukanuna eti hakukuwa na hotuba.

Stori ipo, ni nyepesi tu. Chad, ndiye Elvis mle ndani, katoka jeshini, wazazi wanataka aingie kwenye kampuni ya mananasi, yeye hataki, anaenda kutembeza watalii kwenye ofisi anayofanya kazi mpenzi wake Maile. Basi, imetosha. Na watazamaji wa wakati ule walikuwa wanajua kabisa kwamba Elvis mwenyewe katoka jeshini mwezi wa tatu 1960, kwahiyo akishuka kwenye ndege na sare zake wanacheka kabla hata hajafungua mdomo. Halafu mama yake kwenye picha ni Angela Lansbury, ambaye kamzidi huyo "mwanae" miaka tisa tu na miezi kadhaa!! Na bado anaigiza mama mwenye makuu na wasiwasi wa kupitiliza mpaka unasahau hesabu zote za umri. Mwandishi wenu hata jina lake hakulitaja.

Ila kilichoniuma zaidi ni kuruka ile sehemu ya bibi. Can't Help Falling in Love, wimbo ambao mpaka leo maharusi wanafungulia nao dansi, mle ndani hauimbiwi mchumba. Ni sherehe ya kuzaliwa ya bibi yake Maile, kijana kamletea zawadi, kile kisanduku kidogo ukikifungua kinapiga muziki, bibi anafungua, ile melodi inaanza kulia taratibu na Elvis anaingia nayo kwa sauti ya chini, hakuna kiuno wala mbwembwe, na bibi anamtazama kama mjukuu wake wa kumzaa. Maile yuko pembeni anasikiliza. Melodi yenyewe imetolewa kwenye wimbo wa Kifaransa wa karne ya 18, Plaisir d'amour, ndio maana inakaa vizuri kwenye kisanduku cha namna ile. Mtu aliyeamua kuiweka hapo badala ya chini ya mbalamwezi alijua anachofanya, usiniambie hakuna ufundi.

Na ufundi mwingine ndio huu watu wanaudharau. Nyimbo zilirekodiwa kwanza studio, Hollywood, halafu mbele ya kamera mtu anafuatisha kwa midomo, tena anarudia na kurudia kila kamera ikihamishwa, upepo unapuliza, huku anatakiwa aonekane wimbo umemjia sasa hivi. Waigizaji wazuri tu wakipewa kazi hiyo wanakuwa kama midoli. Elvis ukimwangalia shingo na pumzi vinakwenda na sauti, kuna sehemu unaapa anaimba laivu.

Watu nao walisema kwa pesa zao. Albamu ya hiyo muvi ilikaa namba moja kwenye chati ya Billboard, ile ya muziki ya Marekani, wiki 20, wiki ishirini Mhariri! Wakati mwaka mmoja nyuma kulikuwa na Flaming Star, Elvis kaigiza siriasi, nyimbo chache mno, na kaigiza vizuri, lakini haikuingiza hela kama zile za kuimba. Hapo ndipo meneja wake Colonel Tom Parker na wenye studio wakapata jibu walilokuwa wanalitaka.

Na kama mwandishi wenu anatafuta pa kulaumu basi alaumu hapo, nitamuunga mkono. Maana baada ya Blue Hawaii fomula ikawa ile ile, badilisha kazi ya steringi tu, leo dereva wa mashindano kesho rubani, wasichana, ngumi moja mbili, albamu sokoni. Mpaka ikafika Kissin' Cousins ya 1964 ikarekodiwa kwa muda usiofika wiki tatu, na inaonekana kwa macho kwamba watu walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Viva Las Vegas ya mwaka huo huo siihesabu humo, ile mwigizaji mwenzake Ann-Margret alimfanya Elvis akaamka. Lakini kosa la nakala usimbebeshe ya kwanza bwana, Blue Hawaii ilipotoka ilikuwa bado ina raha yake.

Hoja yake kwamba prodyuza hakujua muvi nzuri inavyotengenezwa nayo aiangalie upya. Prodyuza ni Hal Wallis, ndiye huyo huyo wa Casablanca, muvi inayosifiwa mpaka leo. Na kama anataka Elvis wa siriasi, mwenye stori na machozi, Wallis huyo huyo alishamtengenezea mwaka 1958, King Creole, nyeusi na nyeupe, mitaa ya New Orleans, dairekta Michael Curtiz naye wa Casablanca vilevile, na jeshi ikabidi limsogezee Elvis tarehe ya kuripoti ili aimalize. Naomba mumpe nafasi wiki ijayo aichambue hiyo, tuone kama na yenyewe atasema haina stori.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote