Barua kwa mwanangu: kilele kiacheni, kaeni migombani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na salamu zako kwa baba yako nimezifikisha. Umeniuliza kwa ujumbe mfupi wa simu, nami nimeona nikujibu kwa barua, maana habari za mlima wa kwetu hazitoshi kwenye simu. Unasema wewe na walimu wenzako wawili wa huko Nansio, Ukerewe, mmepanga likizo ya mwezi wa sita mwende Kilimanjaro, na mnataka kujua kama mshahara wa mwalimu unafikisha mtu kileleni. Mkijibana, labda unafikisha. Lakini kwa safari hii ya kwanza, kilele kiacheni.

Najua utasema Mama anaogopa. Sikiliza kwanza. Njia ya Marangu ni siku tano au sita, na sehemu kubwa ya siku hizo unatazama visigino vya anayekutangulia. Usiku wa mwisho mnaamshwa mnatoka kambi ya Kibo, mita 4,720, kwenye giza na baridi, mnakwea changarawe mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kichwa kinagonga, tumbo linakataa chakula, na ukifika juu muongozaji anakuhimiza mpige picha mshuke. Nimewaona wengi waliofika juu wakarudi Moshi, wakapanda basi, na hawajui hata mtori, supu yetu ya ndizi, unafananaje. Hao kwangu hawajafika Uchagani.

Utaniambia pia barafu inaisha, bora muiwahi. Ni kweli inaisha. Watafiti waliopima walikuta asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka kufikia 2007. Lakini barafu iliyobaki inaonekana vizuri ukiwa chini, ukiamka kabla ya jua. Mwezi wa sita na wa saba mawingu hukaa mlimani, na mlima unaweza kujificha siku nzima. Alfajiri hufunguka kidogo, halafu tena jioni. Anayelala hadi saa mbili asubuhi asilalamike kwamba hajauona.

Sasa safari yenyewe. Mkishuka na meli mlale hapa nyumbani Mwanza, kesho yake mpande basi la alfajiri: Shinyanga, Nzega, Singida, Katesh, Babati, Arusha, Moshi. Ni mwendo wa kutwa, shingo zitauma. Mkifika Katesh usilale, tazama mlima Hanang ulivyosimama peke yake juu ya mji, zaidi ya mita 3,400. Ni hapo tope na mawe viliposhuka Desemba 2023 vikazoa watu na nyumba. Ndiyo maana sipendi mtu aende milimani wakati wa mvua, iwe masika au vuli. Mwezi wa sita ni baridi ila njia ni kavu zaidi.

Makoti msinunue hapa kwetu, soko la Mlango Mmoja. Mitumba ya pale ni mizuri, lakini wauzaji wetu hawana haja na makoti mazito. Moshi kuna soko la Memorial, huko ndiko kwenye masweta, kofia za sufu na viatu vya kupandia, na bei inazungumzika. Kutoka stendi ya Moshi mnachukua Hiace, mnapita Himo, mnaanza kupanda. Hapo masikio yataziba kidogo na hewa itabadilika. Shukeni Marangu Mtoni, mama mdogo atawapokea.

Siku ya kwanza msifanye kitu. Kaeni kihambani, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, mtazame. Wewe umekulia kwenye mawe, umezoea kuona nyumba zimening'inia juu ya majabali ya Mabatini na Igogo hapa Mwanza. Kule utaona kinyume chake: huoni nyumba mpaka uwe mlangoni, kwa jinsi migomba ilivyofunika. Chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi na maharage, juu ya vyote kuna miti mikubwa ya kivuli. Pembeni unasikia maji. Hiyo ni mifongo, mifereji waliyochimba wazee kuyatoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa kilima hadi mashambani, na kila ukoo una zamu yake. Babu yako aliwahi kukesha akilinda zamu ya maji kama askari. Kaburi lake liko hapohapo kihambani, limezungushiwa mimea ya masale. Nendeni mkamsalimie.

Siku ya pili mtembee karibu. Maporomoko ya Kinukamori hayako mbali na Mtoni, na mtasimuliwa habari za binti aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda kujirusha, akaghairi, alipogeuka akakuta chui nyuma yake. Wamemchonga sanamu pale. Upande wa Mamba wapo wahunzi wanaofua visu na mikuki kwa mivukuto ya ngozi ya kupulizia moto, vilevile kama zamani. Nikichagua kati ya viwili, mimi ningekwenda kwa wahunzi. Marangu ndiko alikotoka pia mzee Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa ndiye aliyewaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889. Majina ya wazungu hao kila mtalii anayajua, la mzee wetu mpaka uulize.

Siku ya tatu ndipo mpande, tena mrudi siku hiyohiyo. Kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara ni kama kilomita nane, mwendo wa saa tatu au nne kwa asiye na haraka. Lango liko karibu mita 1,900, Mandara ni mita 2,720. Njia yote ni msitu: miti imeota ndevu za kijivu, na mbega weusi wenye mkia mweupe wanaruka juu ya vichwa vyenu. Chini, kwenye unyevu, tafuteni ua dogo jekundu lenye mkia wa njano uliojikunja. Halioti kwingine kokote duniani. Mkifika Mandara msikae chini mkaganda. Ongezeni robo saa hadi kreta ya Maundi, huko miti inaisha na mnaona tambarare hadi upande wa Kenya. Kukiwa kweupe mtaviona vilele vya Mawenzi na Kibo. Kisha shukeni. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, na bila kitambulisho utabishana bure getini. Muongozaji ni lazima. Mtu kichwa kikimuuma au akianza kutapika, asijikaze kwa aibu, ashuke.

Mazoezi muanze sasa. Pikipiki ya kwenda shuleni iachwe. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hamuanzii chini kabisa kama watu wa Dar, lakini miguu ya Ukerewe imezoea baiskeli na njia tambarare. Mkifika hapa nitawapandisha kilima cha Bugando mara mbili nione nani anahema.

Chakula ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Mtori wa kule si ule unaouziwa mjini, maji matupu yenye vipande vya karoti. Mama mdogo anachemsha mifupa ya ng'ombe kwanza, anaweka ndizi mshare, zikiiva anazisaga kwa mwiko hadi uzito uwe wa kunywewa kwa kijiko bila kumwagika. Ndio nilionyweshwa nilipokuzaa. Machalari ni ndizi na nyama, wenzako watayapenda mara moja. Kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kina ladha ya magadi na mtu hukizoea taratibu. Mle hata kidogo, kukataa ni kumvunja moyo mwenyeji. Akichinjwa mbuzi mtaletewa kisusio, supu yenye damu. Nani anakunywa na nani hanywi kwa imani yake, semeni mapema, hakuna atakayenuna.

Mbege, pombe ya kwetu, sikukatazi, we mtu mzima. Inatengenezwa kwa ndizi mbivu na ulezi, inanywewa kwenye kata, na kata huanzia kwa wazee. Isikudanganye kwa utamu wake. Baba yako alipokuja kujitambulisha kwetu alisema ndizi si chakula, ni tunda, akauliza ugali uko wapi. Wajomba zako walimcheka, wakamjazia kata, na jioni ile alilala mapema kuliko watoto. Mpaka leo akiona mtori anauita uji.

Msiende mikono mitupu. Nitanunua dagaa wakavu pale mwaloni Kirumba, na sato wawili wa kukausha, mama mdogo anavisubiri kila mwaka. Hao dagaa nitawafungia kwenye ndoo yenye kifuniko. Wewe hakikisha ndoo inaingia kwenye buti la basi na si chini ya kiti chako, maana hadi Singida abiria watakuwa wamekuchoka, na kondakta ana haki ya kukushusha. Michembe, viazi vitamu vikavu, ya kutafuna njiani naweka mfuko wa pembeni.

Nijulishe tarehe ya meli.

Mama yako,
Mwanza